Jinsi ya kuwatafuta kenge na kinyonga wa pembe tatu katika misitu ya Kivu

Ramani ninazoletewa na wanafunzi wa biolojia hapa Bukavu zinafanana. Vidoti vyekundu vimejipanga kutoka Miti, vinapanda Tshivanga, vinashuka Bunyakiri, vinaishia Hombo. Chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa: "Mtawanyiko wa mijusi wakubwa wa msituni". Hapana. Hiyo ni ramani ya barabara ya taifa namba 3. Mwanafunzi alipanda pikipiki, akashuka pale dereva aliposimama, akamuona mnyama, akaweka kidoti. Pale ambapo hakushuka, hatujui kama mnyama hayupo au mtafiti ndiye hakuwepo. Ni sawa na mtu aliyehesabu wakazi wa Bukavu bila kutoka soko la Kadutu.

Mimi si profesa. Nilisoma biolojia hapa hapa mjini, na tangu hapo kazi yangu ni kuwasindikiza watafiti na wanafunzi: kubeba vipimo, kushika daftari, kubishana na machifu, kulala kwenye mahema yanayovuja. Vijana wananiita yaya, yaani mkubwa wao. Mdogo wangu yeyote anayeandaa TFC (kazi ya kumaliza mzunguko wa kwanza wa chuo) au memwari (tasnifu) juu ya reptilia akiniuliza aanzie wapi, namwambia hivi: daftari lako lianze na mahali ulipotafuta, si mahali ulipopata. Mengine yote ninayoeleza hapa yanafuata hilo.

Mnyama na swali

Mijusi wakubwa wa misitu yetu ni wengi kidogo kuliko watu wanavyodhani, lakini kwa kazi ya kwanza nakushauri uchague kati ya wawili.

Kenge unamjua, angalau kwa sifa zake za kuiba mayai. Anaweza kufika karibu mita 2 ukijumlisha mkia, anapenda maji, anakula kaa, konokono, samaki, vyura, wadudu, mizoga. Kinyonga wa pembe tatu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Trioceros johnstoni, ni mnyama wa milima ya pande hizi: Kivu, Burundi, Rwanda, Uganda. George Boulenger alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901. Dume ana pembe tatu usoni na anaweza kufika sentimita 30 hivi. Jike hana pembe hata moja, na hapo ndipo wanaoanza wanapochanganyikiwa: wanaona majike, wanaandika "kinyonga mwingine", halafu wanashangaa kwa nini spishi yao ina madume matupu.

Kwa kenge kuna mzozo wa majina ambao utakukuta kwenye vitabu, kwa hiyo ujue mapema. François Daudin alimpa kenge wa msituni jina la ornatus mwaka 1803. Baadaye alichanganywa na kenge wa Nile, niloticus, mpaka mwaka 1997 Wolfgang Böhme na Thomas Ziegler walipomtenga tena kwa mistari ya madoa mgongoni na rangi ya ulimi. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba ukasema utengano huo hausimami, na kwamba aliye tofauti kweli ni kenge wa Afrika Magharibi. Wewe usijiingize kwenye ugomvi huo. Hesabu mistari ya madoa kati ya miguu ya mbele na ya nyuma (kwa kawaida 3 hadi 5 kwa wale walioitwa ornatus, 6 au zaidi kwa niloticus), piga picha ya ulimi ukibahatika, andika ulichoona. Anayetaka kubadilisha jina kesho atakuta namba zako.

Halafu swali. "Kuchunguza mijusi wa Kivu" si swali, ni matembezi. Swali ni kama hili: kinyonga wa pembe tatu anaishia mwinuko gani ukishuka kutoka Tshivanga kwenda Bunyakiri, na je, pembezoni mwa mashamba anakaa kama anavyokaa ndani ya msitu? Au hili: kenge wa mto Luhoho anachagua kingo zenye miti iliyoinamia maji, au anakaa popote penye jua? Swali la namna hiyo linakuambia mwenyewe upime nini. Hilo la kwanza halihitaji mtumbwi hata mmoja.

Kabla ya kutoka mjini

Panda kwanza Lwiro. Kituo kile cha utafiti wa sayansi kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, leo kinaitwa CRSN, na kina mikusanyo ya wanyama ambayo wanafunzi wengi wa Bukavu hawajawahi kuiona, ingawa wanapita Kavumu kila wiki. Vielelezo vingine vya zamani vimo kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na sehemu ya kumbukumbu za makumbusho za namna hiyo inapatikana kwenye GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya kumbukumbu za viumbe, bila malipo. Pakua, lakini usimeze mzima mzima. Ukikuta "Costermansville", hiyo ni Bukavu. Ukikuta "Kivu" peke yake, hiyo inaweza kuwa popote kutoka Beni hadi Fizi, na kidoti ambacho kompyuta imekuwekea katikati ya ziwa hakina maana. Ipe kila kumbukumbu nusu kipenyo cha shaka, yaani umbali ambao mahali halisi panaweza kuwa kutoka kwenye kidoti: kilomita 1, au 5, au 50. Zile za 50 zisome, usizichore.

Vibali. Ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega unahitaji ruhusa ya ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi, na si ya mdomo. Nje ya hifadhi unahitaji ordre de mission (barua ya kukutuma kazini) ya chuo yenye mihuri, halafu unapita kwa chifu wa kundi, kwa chifu wa kijiji, na kwa yeyote mwenye silaha anayedai kwamba njia ni yake. Siku ya kwanza katika kila eneo ni ya salamu, usiipangie kazi nyingine. Hali ya usalama uliza siku hiyo hiyo, kwa watu wanaotoka huko, si kwa mwalimu wako aliye ofisini. Na ukiambiwa rudi, rudi. Mzee mmoja wa Bunyakiri aliwahi kumwambia mwanafunzi aliyekuwa anabishana: "Kinyonga atakuwapo na mwaka kesho. Wewe je?"

Kenge na vinyonga hawa wote wamo katika kiambatisho cha pili cha mkataba wa CITES, maana yake biashara yao kati ya nchi inadhibitiwa. Kwa kazi ninayoeleza hapa huhitaji kuua wala kubeba mnyama yeyote. Picha nzuri zinatosha: kichwa kwa upande, mwili mzima, mgongo kutoka juu, koo.

Kuigawa njia

Uzuri wa barabara yetu ni kwamba inashuka. Kutoka Tshivanga, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Irangi kando ya mto Luhoho, kwenye mita 850 hivi, unapita msitu wa mlima, mianzi, mashamba, vichaka vilivyoota tena baada ya kukatwa, na mwishowe msitu wa chini wenye joto. Kwa mtu wa utafiti wa mtawanyiko hiyo ni ngazi tayari.

Igawe kwa mwinuko: mita 800 hadi 1,200, 1,200 hadi 1,600, 1,600 hadi 2,000, na juu yake. Katika kila daraja weka vituo vya karibu na barabara, vya nusu kilomita kutoka barabarani, na vya zaidi ya kilomita moja. Acha programu ya ramani ya QGIS ikuchagulie vituo kwa bahati nasibu ndani ya mipaka hiyo. Miguu yako haijui kuchagua kwa bahati nasibu, inajua kuchagua njia isiyo na matope.

Kabla ya kuchagua vituo hivyo, toa sehemu ambazo huwezi kufika kwa sababu ya usalama au kibali, na uzichore kwenye ramani kwa mistari ya mshazari. Ramani yako ya mwisho itakuwa na alama tatu: alipatikana, alitafutwa hakupatikana, hakutafutwa. Nimeona ramani nyingi za kuvutia zenye alama ya kwanza tu. Siziamini.

Misimu pia ihesabu. Mvua zetu zinanyesha kuanzia Septemba hadi Mei. Usiku wenye unyevunyevu ni mzuri kwa kinyonga. Kiangazi, Juni hadi Agosti, mito inapungua na mchanga unajitokeza, na kwenye mchanga ndipo kenge anapoandika jina lake. Usifanye kituo cha juu kwenye mvua na cha chini kwenye kiangazi, halafu ukasema mwinuko ndio uliosababisha tofauti.

Usiku, kwa kinyonga

Mchana unaweza kupita chini ya kinyonga mara kumi usimuone. Usiku analala kwenye ncha ya tawi au jani, rangi yake inafifia, na tochi ikimpiga anang'aa mweupe-mweupe katikati ya majani ya kijani. Ndiyo sababu kazi ni ya usiku.

Anzeni saa moja jioni, giza likishakaa. Muwe watatu: mmoja anatazama kushoto, mmoja kulia, wa tatu anaandika na kushika muda. Tochi iwe ya kichwani au ishikwe karibu na jicho, si kiunoni, ili mwanga na macho vifuate mstari mmoja. Mstari wa kutafuta uwe wa mita 200, na usiumalize chini ya saa moja. Wanafunzi wananung'unika kwamba ni polepole mno. Anayekimbia anaona barabara tu. Kila baada ya hatua chache simama, geuka, tazama ulikotoka: kinyonga aliyefichwa na jani upande huu anaonekana wazi kutoka upande ule.

Ukimuona, usimguse. Andika saa, kimo cha kadiri kutoka ardhini, umbali wake kutoka kwenye mstari kwa pembe ya mraba, dume au jike au hajulikani. Huo umbali wa pembeni si mapambo. Baadaye ndio utakaokuonyesha kwamba wengi uliowaona walikuwa ndani ya mita 3 au 4, na kwamba zaidi ya hapo macho yenu yalikuwa yanakisia. Na yale matawi ya juu, mita 8, 10, hamkuyaona vizuri. Sema hivyo kwenye memwari, kwa sentensi moja.

Funga utepe mwepesi kwenye shina la chini, si kwenye tawi alilolalia, nenda zako. Mvua kubwa ikianza, simamisha kazi na uandike saa uliyosimama. Dakika ambazo mlikuwa mmejikinga chini ya hema si dakika za kutafuta.

Asubuhi mnarudi kwenye kila utepe na kupima. Hapa ndipo penye sehemu ya makazi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapovunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pima: aina ya mmea (kama hujui jina, chukua jani, mpelekee mzee wa kijiji, halafu mtaalamu wa mimea), kimo cha mahali alipolala kwa fito yenye alama, unene wa kijiti, umbali hadi mwisho wa msitu au shamba, unene wa miti mikubwa ndani ya mita 10 ukipima kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, na kiasi cha anga kilichofunikwa na majani. Kwa hicho cha mwisho kuna kifaa cha kioo cha kununua, lakini bomba la karatasi ngumu linafanya kazi: tazama juu kupitia bomba katika sehemu 20 tofauti, hesabu ni ngapi zimeziba. Ziba 15 kati ya 20, ni asilimia 75. Kazi ya memwari inatosha kabisa.

Halafu pima vyote hivyo tena mahali ambapo kinyonga hakuwepo. Tazama mshale wa sekunde kwenye saa yako, uelekeo unaoonyesha ndio wako, tembea mita 25, simama, pima. Bila kituo hicho cha kulinganisha, kusema "kinyonga anapenda vijiti vyembamba" ni maneno matupu, kwa sababu huenda msitu wote ule ni vijiti vyembamba na yeye hana la kuchagua. Kila utepe mmoja, kituo kimoja cha kulinganisha. Vijana wengi wanakiruka siku ya tatu, njaa ikiuma. Ni afadhali upunguze idadi ya vinyonga kuliko kukiruka.

Ondoa tepe zote kabla ya kuhama. Watu wa kule wakikuta msitu umefungwa nguo nyekundu watauliza maswali, na watakuwa na haki. Kumbuka pia kwamba watu wengi wanamuogopa kinyonga kuliko nyoka. Usiwatembeze watoto wa watu wakiwa na kinyonga begani ili upate picha ya kuonyesha mjini.

Mchana, kwa kenge

Kenge anakuona kabla hujamuona. Likikolea jua la saa tatu, anatoka kujianika kwenye gogo, jiwe au tawi lililoinamia mto, na akisikia kiatu chako anajiachia majini, pum, basi. Kwa hiyo kwenye mto Luhoho na vijito vyake usitembee ukitafuta, simama ukitafuta. Gawa ukingo vipande vya mita 500. Kila unapofika pinda la mto, kaa nyuma ya jani, chukua darubini, chungulia magogo na matawi yote ya mbele kabla hujasogea. Kazi ni kuanzia saa tatu hadi saa tano na nusu asubuhi, halafu tena mchana kama wingu limeondoka. Andika jua au wingu kila robo saa, maana siku ya mawingu matupu inaweza kukupa sifuri ambayo haina uhusiano na makazi.

Kwa ushahidi, mimi natumia herufi tatu. A: nimemuona mzima, au nina picha. B: nyayo zilizo wazi, au sehemu ya mwili iliyotosha kumtambua. C: mshindo wa maji tu. A na B zinaenda kwenye ramani, C inabaki daftarini. Msitu wa maji una vyura, fisi maji, samaki na matunda yanayoanguka, na vyote hivyo vinajua kusema pum.

Nyayo za kenge zina vidole vitano vyenye kucha ndefu, miguu imekaa wazi pembeni, na katikati pana mfuo wa mkia unaopindapinda. Piga picha kutoka juu kabisa, ukiweka rula pembeni. Vitabu vya nje vinasema weka sarafu. Sisi hatuna sarafu, na noti ya franga ikilowa haipimi kitu.

Kinyesi nacho ni ushahidi mzuri, na watu wanakidharau. Kinaweza kuwa na maganda ya kaa na konokono, mabawa ya wadudu, magamba ya samaki. Fisi maji naye anaacha kinyesi chenye kaa kwenye mawe ya mto, kwa hiyo angalia ile sehemu nyeupe kama chokaa: hiyo ni mkojo mkavu wa reptilia, mamalia hana. Kichukue kwa kijiti, kianike, kioshe kwenye chujio la chai ambalo halitarudi jikoni, panga vipande. Nawa mikono kwa sabuni, reptilia wanabeba salmonela. Huko Ufilipino, ambako kuna kenge wa msituni anayekula matunda, Varanus olivaceus, mnyama mwoga sana wa juu ya miti, watafiti walijifunza mengi kwa kuokota kinyesi chenye mbegu na kutega kamera penye miti ya matunda, kuliko kwa kumkimbiza. Wa kwetu hali matunda, lakini somo linasimama.

Angalia pia vichuguu. Kenge jike hubomoa kichuguu wakati wa mvua, udongo ukiwa laini, anataga ndani, na mchwa wenyewe wanaziba tundu. Mayai yanakaa humo miezi kadhaa kwa joto lisilobadilika sana. Ukikuta kichuguu chenye kiraka kipya, andika, piga picha, usichimbe. Na usiweke mahali pake kwenye kundi la WhatsApp.

Kumkamata, usijaribu. Ana meno, kucha, na mkia anaoutumia kama fimbo. Mbwa wa wawindaji wanajua.

Kamera za mtego zina jambo moja ambalo wauzaji hawakuambii. Nyingi zinaamshwa na tofauti ya joto kati ya mnyama na kilicho nyuma yake. Swala akipita, ana joto, kamera inapiga. Kenge aliyetoka majini ana joto la mto. Anapita mbele ya kamera kama mzimu, na wewe unaandika "hakuna kenge". Iweke kwenye hali ya kupiga kwa muda, picha moja kila dakika, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, ielekee gogo la kujianika na si njia. Hizo ni picha 540 kwa siku, 5,400 kwa siku kumi. Nunua kadi kubwa, tafuta rafiki mvumilivu wa kuzitazama, na usimlipe kwa ahadi.

Kuuliza wenyeji

Kuna kenge wa Ufilipino, Varanus bitatawa, mrefu mita 2, mwenye rangi za kuonekana, anayeishi milima ya Sierra Madre. Sayansi ilimpa jina mwaka 2010. Wawindaji wa makabila ya Agta na Ilongot walikuwa wanamla siku zote. Kila nikisikia mwanafunzi akisema "wanakijiji hawajui", namtajia huyo mnyama.

Lakini kuuliza kuna ustadi wake. Nenda kwa wavuvi, wawindaji wa zamani, akina mama wanaochota maji mtoni asubuhi, maana hao ndio wako ukingoni saa ambayo kenge anatoka. Beba picha zilizochapishwa, si simu. Simu ikishikwa watu wanatazama simu. Kati ya picha weka mbili za wanyama ambao hawapo Afrika kabisa: mimi naweka joka la Komodo la Indonesia na iguana wa Marekani ya Kusini. Usiulize "Huyu yuko hapa?" kwa sababu mgeni aliyetoka mjini anajibiwa ndiyo kwa heshima. Uliza: "Kati ya hawa, nani umemuona, wapi, lini, alikuwa anafanya nini?" Mvuvi mmoja karibu na Hombo alizipanga picha zangu zote chini, akaitoa ile ya Komodo, akanirudishia. "Yaya, huyu haiko wa huku. Ule wa kwetu anakaaga ku maji, na mkia wake iko bapa." Mkia bapa, wa kuogelea. Huyo maelezo yake nayapa uzito. Anayekubali picha zote, mshukuru, kunywa chai yake, usimweke kwenye jedwali.

Usilipe mtu akuletee mnyama. Ukilipa mara moja, kesho utaletewa gunia, na kinyonga wa kwenye gunia hana mahali alipotoka. Lipa siku ya kazi ya mwongozaji, kwa bei mliyokubaliana mbele ya chifu, na jina lake liwe kwenye shukrani za memwari.

Daftari na namba

Chini ya miti minene GPS ya simu inakosea kwa mita nyingi. Simama dakika mbili tatu, subiri kosa lishuke chini ya mita 10, liandike na lenyewe. Tumia digrii za desimali, na usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo: bila hiyo kenge wako wa Bunyakiri anaruka ikweta na kuangukia kaskazini, kati ya Wamba na Mambasa. Nimewaona wengi wakisafiri hivyo. KoboCollect, programu ya kujazia fomu kwenye simu, ni nzuri, lakini daftari la karatasi na kalamu ya risasi ndilo linalobaki mvua ikinyesha na betri ikiisha. Kila jioni piga picha kurasa zote.

Kila mstari wa daftari uwe na: kituo, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, watu wangapi, hali ya hewa, nini kilionekana. Ikiwa hakuna kilichoonekana, andika 0. Si nafasi tupu, si kistari. Nafasi tupu inamaanisha ulisahau. 0 inamaanisha ulitafuta.

Na ile 0 ina uzito kiasi gani? Hesabu ni rahisi. Tuseme mahali ambapo kinyonga yupo kweli, timu yenu inamuona katika asilimia 30 ya usiku wa kutafuta. Basi usiku mmoja wa 0 karibu hausemi kitu: kuna asilimia 70 ya kumkosa ingawa yupo. Usiku tatu za 0, bado asilimia 34. Unahitaji usiku tisa ili uwezekano wa kumkosa ushuke chini ya asilimia 5. Ndiyo maana napendelea vituo vichache vilivyorudiwa kuliko vingi vilivyopitiwa mara moja. Njia ya kuchambua marudio hayo, inayokadiria kwa pamoja uwepo na uwezekano wa kuonekana, ilichapishwa na Darryl MacKenzie na wenzake mwaka 2002, na programu zake ni za bure. Profesa wako akisema tumia Maxent, programu ya kukisia mtawanyiko, kwa sababu kila mtu anaitumia, mwambie kwa heshima kwamba inaanzia kwenye vidoti vya uwepo peke yake, na vidoti vyako vikifuata barabara, itakuchorea barabara kwa rangi nzuri zaidi.

Ukimaliza, acha nakala ya data Lwiro, nyingine chuoni, na ramani iliyochapishwa kwa chifu wa kila eneo ulilofanyia kazi. Kwenye nakala ya chifu na kwenye yoyote itakayotoka hadharani, viota na magogo ya kenge yasogezwe mpaka kwenye mraba wa kilomita 5; nakala yenye mahali kamili ibaki Lwiro na chuoni. Jina la faili liwe na mwaka, mto au kituo, na spishi. "Data mwisho kabisa 2" ninayo tayari, kutoka kwa watu wanne tofauti, na hakuna hata mmoja anayekumbuka ilikuwa ya mto gani.